Jalada la Nyuma

6 Februari

Kwako mke wangu mdogo,

Salamu nyingi kama vipande vya karatasi chini ya meza yangu siku nilipokuwa na nguvu. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeanza kujiona lina umri kunizidi mimi mwenyewe. Mama yako hajambo. Bado anapikia watoto mia nne pale shuleni, halafu anarudi nyumbani kuniambia mimi ndiye msumbufu kuliko wote. Jirani yetu fundi saa naye yupo. Juzi nimemfunga drafti mara tano mfululizo, akasingizia macho. Macho hayo hayo yanaona skrubu ya saa ya mkononi!

Ile simu uliyoniachia iko salama ndani ya soksi, usinigombeze. Simu inamsikia mtu akimeza mate. Barua inasikia kile tu unachotaka isikie.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Umeandika kwamba umepata kazi ya kushona mavazi ya filamu, filamu ya watoto na wazazi wao, eti watu wa kitabu cha hadithi wanatoka kwenye kurasa na kuingia sebuleni kwa watu. Hongera, mke wangu. Lakini hebu nieleze: wakishatoka, wanakula kwa nani? Na nani kawaita? Mimi nimejalidi vitabu kiwandani miaka thelathini na minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitokea. Walijua nimewabana vizuri.

Halafu ukaongeza, kama mtu anayepita tu njia, kwamba kitabu chenyewe ni kile cha Malkia wa Koti la Majani, na kwamba uko nacho huko, nakala yetu ya nyumbani. Lo! Kitabu hicho nimekitafuta tangu uondoke. Nimemshuku fundi saa. Nimeshuku panya, nikaweka mtego. Kumbe mwizi nimemlea mwenyewe.

Kirudishe, mke wangu. Hakifai kuonyeshwa watu wa maana. Unajua ubovu wake: kichwa changu hakikuwepo siku ile, nikashona fungu zima la kurasa kumi na sita za kitabu cha ufugaji wa kuku katikati ya hadithi ya malkia. Msimamizi akanirushia kifuani, nikaja nacho nyumbani. Basi kitie kwenye bahasha nene, kisilowe, kisianikwe juani, na mtu yeyote asichezee jalada.

Hasa la nyuma.

Ni mimi mumeo, mwenye meno machache lakini yote ya kwangu.


28 Februari

Mume wangu,

Shikamoo kwanza, mapenzi baadaye. Barua yako imefika baada ya siku kumi na saba, kona moja imeloa chai, nadhani ni yako. Mimi sijambo. Nilikuwa na kikohozi, kimekwisha. Tuko mafundi sita kwenye chumba kirefu chenye dirisha linalotazama ukuta. Kuna masanamu ya kupimia nguo yasiyo na vichwa, na kila asubuhi nikiingia nayasalimia, kwa sababu nililelewa na wewe.

Sikuiba kitabu. Ulinipa nilipokuwa na miaka sita, mama ni shahidi.

Sasa nina jambo, na ninaomba usilizungushe. Wiki iliyopita mwongozaji alituambia kila mmoja asimulie hadithi ya Malkia wa Koti la Majani anavyoikumbuka. Nikasimulia. Nilipofika kwa Mama Toroli, watu wakatazamana. Mwongozaji akafungua nakala yake ya maktaba, nzuri, haina kasoro, akatafuta mwanzo hadi mwisho. Mama Toroli hayumo.

Miaka yote hii nilidhani kila mtoto duniani anamjua! Yule mwanamke mwenye buti moja ya kijani na moja nyeusi, mkono mmoja wa blauzi umekunjwa, anasukuma toroli lenye kuku chini ya wavu. Malkia na Mfalme Chongo wakikwama mbele ya mlango uliofungwa, yeye hutokea na kuuliza: "Nani kafunga huu mlango, na ufunguo kautia mfuko gani?" Basi mlango unafunguka.

Nikasema labda yumo kwenye zile kurasa za kuku. Nikazisoma zote. Hakuna mtu humo, mume wangu. Kuna picha za kuku na majedwali ya magonjwa. Ina maana ulikuwa unaweka kidole chini ya "kideri" na "minyoo", unanisomea Mama Toroli, na kidole kinatembea mstari kwa mstari kama kweli!

Mwongozaji amempenda. Amemwingiza kwenye filamu, na nguo zake nashona mimi. Kwa hiyo nataka kumjua. Ulimtoa wapi?

Na jambo jingine dogo. Fundi wa vifaa anatengeneza kitabu kirefu kama mlango, kifanane na chetu. Alipopima akasema jalada la nyuma ni nene mara mbili ya la mbele. Akaniuliza kuna nini. Sasa nakuuliza wewe: kwa nini ulisema "hasa la nyuma"?

Mkeo mdogo.


9 Machi

Mke wangu mwenye macho ya karani,

Nimepokea. Mama yako anakusalimu, amepata sufuria mpya pale shuleni na anaizungumzia kama mkwe. Fundi saa amefungwa tena drafti.

Huyo fundi wa vifaa ni nani, mpaka apime majalada ya watu? Ana mke? Ana kwao? Mtu mzima anayezunguka na rula kupima unene wa mali ya wengine mimi simwamini, na wewe usimwache peke yake na kitabu hata dakika ya kwenda haja. Jalada ni nene kwa sababu kadibodi nzito zilikwisha siku ile, nikaunganisha mbili nyepesi. Basi. Ufundi huo, hakuna siri.

Na huyo mwongozaji wako naye! Mwaka mzima amekisoma kitabu hajaona kasoro, leo anachukua kuku wangu anawafanya wake.

Kuhusu Mama Toroli, nilimtunga. Wewe unajua shule yangu iliishia la nne, na herufi nyingi nilizijulia kiwandani, kwenye vibati vya chapa, zikiwa zimegeuka nyuma mbele. Ningekusomea minyoo ya kuku wewe ungelala? Nikaweka mwanamke pale, ukacheka, nikamwacha aishi. Hakuna zaidi.

Ila ukimshonea, mshonee vizuri, usinitie aibu. Buti ya kijani iwe mguu wa kushoto. Mkono uliokunjwa ni wa kulia. Na kitambaa cha kichwa kifungwe kwa nyuma, kisogoni. Hakuwahi kukifunga chini ya kidevu, hata siku ya mvua.

Mambo haya ya Mama Toroli usimwandikie mama yako. Ana kazi nyingi.

Kitabu hakijafika. Nasubiri.

Mumeo anayesubiri.


17 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima. Tumekuwa na kazi nyingi, ndiyo sababu nimechelewa, au ndiyo sababu ninayokupa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika "hakuwahi". Mtu aliyetungwa anaweza kuwa na buti za rangi yoyote, lakini hana mambo ambayo hakuwahi kuyafanya siku ya mvua.

Babu, bibi alifariki lini? Mama anasema alikuwa na miaka mitano, na kwamba ulimwambia ni hospitali ya mbali. Sijawahi kuona picha yake. Sijawahi kumsikia mtu yeyote akitaja kaburi lake. Nyumba yetu ina hadithi ya kila kitu, hata ya kijiko kilichopinda, ila yeye hana hadithi.

Fundi wa vifaa anataka kufungua jalada la nyuma aone lilivyoundwa. Nimemwambia asubiri. Ukiniandikia ukweli, kitabu nitakirudisha kwa posta siku hiyo hiyo, hakijaguswa. Nakuahidi. Lakini uwe ukweli.

Mjukuu wako.


25 Aprili

Mke wangu,

Nimeona umeandika "Babu" juu na "Mjukuu wako" chini. Haya, ndoa imevunjika na mimi sikuitwa kwenye kikao.

Tuko wazima. Goti liko pale pale.

Unataka ukweli, uchukue. Ndani ya jalada la nyuma kuna cheti changu cha darasa la nne. Alama zake ni za aibu, hesabu nilipata mbili, na moja kati ya hizo mwalimu alinionea huruma. Nilikificha humo ili wajukuu wasije kunicheka. Umeridhika? Mzee amevuliwa shati hadharani.

Bibi yako alifariki, Mungu amrehemu. Hospitali ilikuwa ya mbali, na sasa haipo tena. Daktari aliyemtibu naye alikufa. Kaburi lilichukuliwa na mafuriko. Picha tulikuwa nayo moja ikaliwa na mchwa, pamoja na fremu.

Sasa timiza ahadi yako.

Mimi, yeyote yule niliye kwako siku hizi.


30 Mei

Mjukuu wangu,

Nakuandikia ingawa hujanijibu. Posta nimekwenda mara nne. Yule msichana wa dirishani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika.

Kuna kitu kinaendelea ndani ya nyumba hii na ninakinusa. Jumatatu mama yako alipata barua. Mwandiko niliujua, ile "k" yako yenye mkia mrefu. Akaisomea jikoni akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa aproni. Sikuambiwa neno. Tangu siku hiyo ananiwekea chai mezani kwa upole. Kwa upole! Hajaniita msumbufu siku tisa. Jana nimemwaga uji kwenye kitambaa kipya makusudi, nione. Akafuta tu, akaniambia, "Pole, baba."

Nilikwenda kuangalia ule mfuko aproni ilipoanikwa. Mtupu.

Fundi saa anasema nimekuwa nacheza drafti kama mtu anayesikiliza mlango. Amenifunga mara mbili.

Umemwandikia nini? Na kitabu kiko wapi? Kama mtu amekwisha kupitisha kisu kwenye jalada lile, niambie, nijue kama nakaa au nasimama.

Babu yako.


22 Juni

Babu,

Shikamoo.

Tumelifungua. Nilisubiri barua yako ya Aprili kama mtu anayesubiri matokeo, nikaisoma, nikafika kwenye mchwa aliyekula picha na fremu. Nikampelekea fundi wa vifaa kitabu mimi mwenyewe. Akalainisha kingo kwa mvuke wa birika, akapitisha kisu chembamba taratibu. Cheti cha darasa la nne hakimo.

Kuna barua tisa. Zote zinaanza "Mwanangu". Mwandiko ni wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi zimesimama moja moja kama zinaogopa kugusana. Ya kwanza imeandikwa wiki tatu baada ya tarehe ambayo mama anaijua kuwa ndiyo ya kifo cha mama yake.

Ya tisa inasema: "Nimekuja. Nimekuta watu wengine ndani ya nyumba. Wanasema mmehama, hawajui wapi." Chini yake ameandika tena anwani yake, kubwa, kama mtu anayepaza sauti.

Fundi wa vifaa ameniambia kitu. Gundi iko kingoni tu, kote, upana wa kidole. Katikati pakavu kabisa, na uliweka karatasi laini juu na chini ili wino usihame. Akasema, "Aliyefanya kazi hii hakutaka ziharibike." Nimekaa na maneno hayo mwezi mzima na sijui nikukasirikie zaidi au kidogo.

Umeuliza nimemwandikia mama nini. Nilimwuliza kama anakumbuka buti za mama yake. Sikumwambia sababu. Alijibu kwenye karatasi nzima neno moja tu: "Kijani."

Umemlea peke yako, umenilea na mimi. Kwa hiyo nakupa nafasi. Mwambie wewe kwa mdomo wako, kabla sijamletea barua zake. Kazi ikisimama mwezi wa nane nitakwenda kwenye anwani ile. Labda nitakuta watu wengine ndani ya nyumba. Lakini nitakwenda.

Mjukuu wako.


3 Julai

Mjukuu wangu,

Salamu leo naziruka, utanisamehe, zikianza nitazifanya ndefu.

Bibi yako alikuwa anakwenda darasa la watu wazima, alasiri, mara tatu kwa wiki. Miezi mitano akanipita. Mimi, mtu wa vitabu! Aliandika insha kwenye daftari lake, "Kuku Wangu Saba na Tabia Zao." Mwalimu akamchorea nyota. Nililichukua daftari bila kumwambia, nikaenda nalo kiwandani. Mapumziko ya mchana nikapanda juu ya robota la karatasi nikawasomea wenzangu kwa kuigiza sauti yake, na pale nilipokwama nikaongeza ya kwangu. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Halafu kicheko kikakatika upande wa mlangoni, kikaja kikikatika mpaka nilipo. Alikuwa amesimama pale na chakula changu mkononi.

Akakiweka chini. Akaja akachukua daftari.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anapakia kuku kwenye toroli, jua bado liko juu. Buti moja yake, moja yangu, kwa sababu ya pili yake ilikuwa imepasuka. Mimi nikafunga mlango wa uani, nikakaa kwenye kigoda, naimba. Akaniuliza lile swali unalolijua. Nikamrushia ufunguo, huku nacheka. Akasema akipata chumba atamfuata mtoto. Nikamwambia awasalimie kuku. Niliamini atarudi kabla kuku hawajataka kulala.

Siku ya pili mtoto akauliza mama yuko wapi. Akauliza tena, na tena. Nikasema, "Amekufa." Kwa hasira, mjukuu wangu, kama mtu anavyosema chungu kimekufa. Mtoto akatoka nje akaueleza mtaa mzima.

Kabla sijapata pumzi watu wakaja na viti. Ukishaletewa viti huwezi kusimama ukasema ulikuwa unatania. Nikakaa. Wakanishika mkono, nikashikwa. Jirani mmoja akasema, mbona juzi tumemwona na toroli? Nikasema alikuwa anakwenda hospitali ya mbali. Akauliza, na kuku? Nikasema wa kumpa daktari. Akalia! Mtu mzima alilia kwa ajili ya kuku wa daktari. Hapo nikajua sina pa kutokea.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Barua ya marehemu unaiweka wapi? Nilipeleka ya kwanza jikoni niitie motoni, nikaishika mpaka mboga zikaiva. Sikuweza. Ikaja ya pili. Kiwanda kilipohamia mji mwingine nilihama nacho, na anwani sikuacha. Sikusahau. Sikuacha. Ya tisa ilizungushwa na posta miezi minne mpaka ikanikuta kiwandani.

Lile fungu la kuku halikuingia kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta kitabu kitakachokataliwa, nikichukue bila kuulizwa, nikakishona hivyo kwa makusudi. Na kuku nilikuwa nawataka humo, kwa sababu zangu.

Nitamwambia mama yako. Jumapili.

Mimi.


14 Septemba

Babu,

Shikamoo. Mama ameniandikia kwamba umemwambia. Anasema ulimwambia bibi hakufa, kwamba mligombana, kwamba aliondoka. Barua hukuzitaja. Umemwambia nusu, Babu. Nusu nyingine iko kwenye bahasha hii.

Anwani ilikuwa sahihi. Mlango wa kijani, uzio wa wavu, kuku wengi kuliko nilioweza kuhesabu. Mwanamke mfupi alikuwa ameinama anasafisha chombo cha maji, mkono wa kulia umekunjwa mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto hapana. Kitambaa kimefungwa kisogoni. Babu, nimemshona mwanamke yule kwa miezi mitano. Nilijua hata mshono wa begani utakaa vipi. Nilishindwa kusema hodi.

Akaniona. Akaniuliza, "Umekuja kununua mayai au umekuja kulia?"

Nikamwambia mimi ni nani. Akaketi kwenye ndoo. Akasema, "Yule bwana ana wake wangapi siku hizi?" Nikasema, mimi tu. Akasema, "Basi karibu, mke mwenzangu," na hapo ndipo nililia, sikununua mayai.

Nilimwonyesha picha za filamu. Nikamweleza jinsi watu wote wa kitabuni wanavyorudi kwenye kurasa mwishoni, isipokuwa Mama Toroli, anayebaki nje kwa sababu hakuwahi kuandikwa humo. Akazitazama sana. Akasema toroli limekosewa, lake lilikuwa linalia gurudumu na hilo linaonekana limetiwa mafuta. Kisha akauliza, "Ni yeye aliyekusimulia hivi? Kwa miaka mingapi?" Nikamwambia. Akaenda kuwapa kuku chakula ambacho walikuwa wamekwisha kupewa.

Kukuandikia hataki. Kuja hataki. Ila anamngoja mama, mwanawe, aende kwake siku yoyote, mlango hauna kufuli. Kwako ana ombi moja, ingawa alivyolisema halikuwa ombi. Anataka barua ya kwanza asomewe mwanawe na wewe. Kwa sauti. Sauti yako, si ya kuigiza. "Alinisomea mbele ya watu bila kuombwa," amesema. "Sasa namwomba."

Barua ndiyo hiyo. Nakuamini, na ninajua ninachokifanya ninaposema hivyo.

Mjukuu wako.


2 Oktoba

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kama inavyotuacha. Fundi saa anakusalimu. Amenifunga drafti mara sita na amekuwa mtu asiyevumilika. Ameniuliza kama filamu yenu itakuja kwenye ukumbi wa mji huu, nikamwambia ikija ataniongoza njia, maana mimi yule mwanamke wa buti naogopa kumwona peke yangu.

Bahasha nilikaa nayo siku sita. Niliitia kwenye soksi pamoja na simu. Siku ya pili nikafikiri labda imeibiwa, nikaenda kuangalia. Siku ya nne nikamshuku mama yako kwamba ameisoma, kwa sababu aliniambia, "Baba, soksi zako zinataka kufuliwa." Siku ya sita nilijichoka mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, mama yako anachambua mchele, nikaingia jikoni nimevaa miwani na shati la kola. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Pale kitini." Nikamweleza iliyobaki. Viti, moto, jalada, kuhama. Hakuacha kuchambua. Alipofika kwenye mchele usio na takataka tena akaendelea kuchambua huo huo. Nikasema, "Mama yako ameagiza nikusomee." Akasema, "Soma."

Mjukuu wangu, unajua ninavyosoma. Nikaweka kidole. "Mwa-na-ngu." Sauti ikatoka ya mzee mwenye mafua. Nikamsomea kwamba kuku wamefika salama, mmoja tu alitaga njiani kwa woga. Kwamba chumba kina mlango wa kijani na nafasi ya kitanda kidogo. Kwamba nguo yake ya njano asiivae mpaka aje kumshonea pindo. Mama yako alikuwa ameshika ungo, haukutikisika.

Nikafika katikati, nikaona mstari mmoja, nikauruka. Niliuruka vizuri, kwa ufundi wa miaka arobaini, kidole hakikusita.

"Umeruka mstari, baba."

Alikuwa amekuja nyuma yangu, sikumsikia. Nikamwambia macho. Akasema, "Macho ni ya fundi saa. Rudi juu."

Nikarudi. Imeandikwa hivi: "Mwambie baba yako akusomee yeye mwenyewe. Akifika neno asilolijua, asitunge. Aulize."

Nikausoma wote. Kisha nikakohoa, nikafuta miwani, nikaangalia nje kama kuna anayeniita. Hakuna aliyeniita. Mama yako akavuta kigoda akakaa karibu, bega lake kwenye bega langu, kama wewe ulivyokuwa unakaa.

Nikaendelea. Mstari mmoja, miwili, mitatu. Halafu nikafika neno nisilolijua. Refu, na wino umefifia. Kidole kikasimama. Yaliyokuja kichwani yalikuwa mengi, na mazuri, na yangepita.

Nikauliza.

Mama yako akaniambia, na tukaendelea.

Babu yako, fundi jalada.